Mjomba hataki busaa iandikwe katika kumbukumbu ya nyanya

SWALI

Kwa Mshauri wa safu hii,

Nyanya yangu, mzazi wa mama, alifariki mwaka jana akiwa amepita umri wa miaka 80, nasi tukamzika Makuyu katika shamba dogo alilolinunua mwenyewe. Mwezi wa Agosti familia itakutana katika nyumba yake ya Dandora kwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na kamati imenipa mimi kazi ya kuandika kijitabu cha maisha yake, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kwa sababu yeye ndiye aliyenilea tangu darasa la kwanza hadi nilipomaliza kidato cha nne.

Nilikubali bila kusita, kwa kuwa wasifu uliosomwa siku ya maziko uliniacha na uchungu. Ulikuwa ukurasa mmoja. Ulisema kwamba alizaliwa Murang'a, akaolewa, akajaliwa watoto wanne, akaokoka, akaugua kisukari na shinikizo la damu, akalazwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akalazwa tena, kisha Mungu akampenda zaidi. Mtu asiyemjua angeondoka pale akiifahamu safari yake ya hospitali kuliko miaka yote aliyoishi kabla ya kuugua.

Nyanya mwenyewe alinisimulia maisha mengine kabisa. Jioni, tukichambua maharagwe, alinieleza jinsi yeye na babu walivyotoka Murang'a baada ya Hali ya Hatari kwisha, wakiwa hawana hata kipande cha ardhi, wakajenga kibanda bondeni Mathare. Babu alikuwa kibarua wa mjengo, naye alifariki mama yangu akiwa bado tumboni. Kuanzia hapo nyanya alipika busaa, pombe ya kienyeji, akaiuza. Kwa fedha hizo alilipa karo ya watoto wote wanne, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alipopata ploti Dandora, akaanza kujenga chumba kimoja kimoja. Alikamatwa na polisi mara nyingi. Wakati mmoja alishindwa kulipa faini akafungwa mwezi mzima, na mama yangu, ambaye alikuwa angali ananyonya, akanyonyeshwa na jirani mmoja kutoka Kakamega pamoja na mtoto wake mwenyewe.

Mjomba wangu mkubwa, kifungua mimba wa nyanya, ni mzee wa kanisa na mtumishi wa serikali aliyestaafu kwa heshima. Alipoiona rasimu yangu katika kikundi cha familia cha WhatsApp, aliandika kwamba mama yake hakuwa mama pima, yaani muuza pombe ya kienyeji, kwamba wakwe na mchungaji watakuwapo, na kwamba hataniruhusu nimzike mama yake mara ya pili. Mama yangu ameniambia tu nimsikilize mjomba. Kwa upande mwingine, binamu zangu wadogo wamefurahi kupita kiasi: wanataka kijitabu kipewe jina la hasla wa Mathare, na wanapanga kutengeneza video ya kusambaza mtandaoni. Hilo nalo limenikosesha usingizi.

Kuna pia suala la tarehe, ambalo limezua maneno. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1939, msalaba wa kaburini unasema 1936, na yeye alikuwa akisema tu kwamba alikuwa msichana mkubwa walipochimbishwa handaki. Je, nina haki ya kuandika aliyoniambia, au nimtii mjomba na kuruka zaidi ya miaka kumi ya maisha yake?

Mwalimu na Mjukuu,
Kasarani, Nairobi

JIBU

Mwalimu,

Pole kwa kuondokewa na aliyekulea. Nitautaja msimamo wangu mapema ili usiutafute katikati ya maneno: busaa iandikwe, lakini usiiandike kwa kumshinda mjomba wako. Iandike pamoja naye, kwa sababu kati ya watu wote walio hai katika familia yenu, yeye ndiye shahidi wa miaka hiyo, na wewe bado hujamuuliza neno hata moja.

Hebu pima umri wake wakati huo. Ikiwa yeye ni kifungua mimba na mama yako ndiye aliyezaliwa baada ya baba yao kufariki, basi mjomba alikuwa mvulana mwenye akili ya kuelewa kila kilichotendeka ndani ya kibanda kile. Wewe ulizisikia habari za busaa kwa sauti ya mwanamke aliyekwisha kuvuka, ndani ya nyumba ya mawe isiyodaiwa kodi. Yeye alizisikia mlango ukigongwa usiku. Katika nyumba za wapika pombe, watoto ndio waliotumwa kusimama juu ya mteremko kuangalia kama polisi wanateremka, ndio waliochota maji, na ndio waliofika darasani wakinukia kimea na kuchekwa na wenzao. Mama yake alipofungwa ule mwezi mmoja, mtoto mchanga alipata jirani wa kumnyonyesha; lakini wewe umewahi kujiuliza mvulana mkubwa alikula nini, na ni nani aliyewalaza wadogo zake? Hasira uliyoiona katika simu yako ina umri wa zaidi ya miaka 50, wala haikuanzia kwenye rasimu yako.

Kwa hiyo mwendee nyumbani kwake, wala usiende mikono mitupu. Usilianzishe suala hili katika kikundi cha WhatsApp, ambako kila neno lake linasomwa na wapwa na wakaza wana, na ambako mzee wa kanisa hana njia ya kulegeza msimamo bila kuvunjiwa heshima. Ukifika, usianze na busaa. Muulize kuhusu babu yako, ambaye katika barua yako amepata sentensi moja tu: alikuwa mtu wa namna gani, alijenga majumba gani, alizikwa wapi. Muulize ni nani aliyemnunulia sare yake ya kwanza ya shule, na fedha zilitoka wapi. Mwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, kisha uweke simu kando na unyamaze. Mazungumzo yakifika Mathare, na kwa maswali hayo yatafika, yeye mwenyewe ndiye atakayechagua kuendelea au kugeuza.

Akiendelea, kuna mambo mawili ambayo yanaweza kumsaidia kuuona wasifu huu kwa jicho jingine.

La kwanza ni la historia, na wewe kama mwalimu unaweza kulieleza bila kuhubiri. Mji wa Nairobi haukujengwa kwa ajili ya mwanamke kama nyanya yako. Serikali ya kikoloni ilimtaka mwanamume Mwafrika aje afanye kazi, alale kwenye kitanda cha bweni, kisha arudi kwao. Makao mengi ya wafanyakazi yalipangwa kwa wanaume wasio na familia. Pombe ya kienyeji nayo haikuwa haramu kwa kila mtu. Tangu miaka ya 1920 halmashauri ya mji iliendesha kilabu chake cha pombe Pumwani, ikauza na kuweka faida, huku mwanamke aliyepika pombe ya namna hiyo nyumbani akikamatwa na mapipa yake kumwagwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mjane asiyesoma, mwenye watoto wanne na asiye na shamba, aliukuta mlango wa ajira ukiwa umefunguka kidogo sana. Hata kuuza mboga kando ya barabara kulihitaji leseni.

Ukosefu huo wa shamba pia unastahili mahali pake. Chini ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, ulioitwa mpango wa Swynnerton, ardhi ya Wakikuyu ilikusanywa na kupimwa upya wakati ambapo wengi walikuwa kizuizini au wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na kulindwa. Zaidi ya watu milioni moja waliwekwa katika vijiji hivyo. Waliokuwa hawapo, na wale waliokuwa wakilima ardhi ya wengine kwa hisani, ndio waliopoteza. Kijitabu kinachosema tu kwamba nyanya "alihamia Nairobi" kinamfanya aonekane kama mtu aliyevutiwa na taa za mji.

Katika jambo hilo la kwanza, uwe makini na maneno yako. Busaa na chang'aa si kitu kimoja. Busaa huchachuliwa kutokana na unga wa mahindi na kimea cha wimbi; chang'aa hutoneshwa, ikawa kali. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa moja kwa moja, na marufuku hiyo ikaondolewa na sheria ya mwaka 2010 iliyoleta leseni na masharti. Mkwe anayesikia "pombe haramu" leo huwaza vifo na upofu vinavyoletwa na vinywaji vilivyotiwa methanoli. Taja busaa kwa jina lake ili asiwaze hayo.

Jambo la pili ni la kanisa, na nadhani ndilo litakalomgusa mjomba wako zaidi. Wasifu wa maziko ulisema kwamba nyanya aliokoka. Aliokoka kutoka wapi? Katika makanisa yetu ushuhuda huanza na mahali mtu alipotolewa, na mzee wa kanisa amesikia mamia ya shuhuda za aina hiyo akiitikia "Amina." Muulize ni lini mama yake alipika busaa kwa mara ya mwisho, na ni nini kilichomfanya aache: ni wokovu, au ni vyumba vya Dandora vilivyoanza kuleta kodi, au vyote viwili kwa pamoja? Jibu la swali hilo huenda ndilo kiini cha kijitabu chako. Wala usiogope kuandika upande mchungu wa biashara ile. Kila kibaba alichouza kilitoka katika mshahara wa mtu, na mtu huyo naye alikuwa na watoto. Nyanya yako hakuwa mjinga, bila shaka aliliona hilo. Kama aliwahi kulisema, liandike.

Sasa kuhusu haki. Kitu alichokusimulia mzee kwa hiari yake, tena na tena, akijua kwamba wewe ndiwe msomaji wa nyumba, si siri aliyokuwekea mdomoni uifungie. Kama angetaka kife naye, asingekiweka mbele ya mtoto wa shule kila jioni. Hata hivyo, simulizi la kunyonyeshwa na jirani ni la mama yako kabla ya kuwa lako. Kunyamaza kwake kumenishughulisha kuliko ukali wa mjomba. Keti naye kando, umsomee aya hiyo peke yake, na akisema iondoke, iondoke bila majadiliano.

Akikubali, lakini, msiishie kwenye kuandika. Mwanamke yule wa Kakamega, kama yu hai, au mtoto aliyenyonya pamoja na mama yako, ambaye ni kama ndugu yake wa ziwa, anastahili kiti cha mbele katika ibada ya Agosti. Watafuteni. Wanawake wazee waliotoka Mathare wanafahamiana kupitia makanisa na vyama vyao vya kuchangiana, na wengi walihamia mitaa ya karibu: Huruma, Kariobangi, Dandora yenyewe. Mama yako akipita nyumba chache na picha ya zamani mkononi, atapata majina. Ni ajabu kwamba kamati imeshughulikia hema na viti mapema hivyo ilhali mtu huyu hajatajwa.

Kuhusu binamu zako, jibu langu ni fupi. Hapana. Video ikishatoka haiwezi kuitwa nyuma, na nyanya hakuwahi kuulizwa kama anataka kutazamwa na watu asiowajua wakiwa kwenye matatu. Wape kazi ya kupiga nakala picha zote za familia, kwa sharti kwamba kwa kila picha waandike ni nani, wapi, na ni nani aliyewaambia hivyo. Kazi hiyo itawatuliza, na picha za studio za miaka ya 1960 na 1970 zinafifia kila mwaka.

Nimejaribu kuandika aya moja ili uone jinsi jambo lenyewe linavyoweza kusemwa mbele ya mchungaji bila kupambwa na bila kufichwa. Ibadilishe upendavyo:

"Mume wake alipofariki, alibaki Mathare na watoto watatu na mwingine tumboni. Hakuwa na ardhi wala kazi ya mshahara. Alipika na kuuza busaa, kazi iliyokatazwa na sheria na iliyomfikisha gerezani, na kwa kazi hiyo watoto wake wote walisoma. Alipopata ploti Dandora alijenga chumba baada ya chumba. Nyumba tuliyoketi leo ndiyo hiyo. Baadaye aliacha biashara ile, akaokoka, na hakuacha kuwaeleza wajukuu wake alikopitia."

Angalia kwamba hakuna neno "shujaa" humo, wala "mama pima". Neno la pili ni la wateja na polisi, na mjomba wako yuko sahihi kabisa kulikataa. Sentensi kuhusu nyumba mnayoketi ni ya lazima. Wakwe watakunywa chai ndani ya kuta zile, na ni haki wajue zimetoka wapi.

Tarehe ya kuzaliwa isiwagombanishe. Wanawake wa Kenya hawakuwa wakipewa vitambulisho hadi sheria ya usajili wa watu iliporekebishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo kipande kilikuwa cha wanaume. Hivyo nyanya yako alisajiliwa akiwa mtu mzima wa karibu miaka 40, na kama ilivyokuwa kwa wengi wasio na cheti cha kuzaliwa, mwaka ulioandikwa ulitokana na makadirio. Ushahidi bora zaidi ni kauli yake mwenyewe. Uchimbaji wa mahandaki ulifanyika Murang'a wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na ulishika kasi kuanzia 1954. Msichana mkubwa ambaye hajaolewa wakati huo angeweza kuwa na miaka 15 au 18, kwa hiyo miaka yote miwili inawezekana. Tafuta Makuyu au kwingineko Murang'a mama mzee aliyetahiriwa pamoja naye. Rika lile lilipewa jina, na jina la rika huwa na mwaka wake. Ukikosa, andika "alizaliwa kati ya 1936 na 1939" na uache msalaba ulivyo.

Huenda ukashawishika kwenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jumba la zamani la benki kwenye barabara ya Moi ambalo wakazi wengi wa Nairobi hulijua kama mahali pa kukutania tu. Nenda, hasa kwa picha na ripoti za wilaya za wakati wa vijiji, zitakazokusaidia kueleza mazingira. Lakini usitarajie kumkuta nyanya yako humo kwa jina. Aliyemjua yuko nyumbani kwa mjomba, na kumbukumbu za mzee aliyestaafu hazina chumba cha kusomea kitakachomsubiri mtafiti.

Limebaki swali ambalo hukuliuliza waziwazi: itakuwaje akikataa hata baada ya mazungumzo? Kijitabu cha ibada ni cha familia nzima, na jina la mjomba litakuwa ndani yake kama mwana wa kwanza. Usichapishe kwa siri. Fupisha sehemu ya Mathare iwe sentensi mbili za kweli: kwamba alibaki mjane, na kwamba aliwasomesha watoto kwa kazi ngumu ya mikono yake. Usikubali, hata kwa shinikizo la kamati, kuandika kwamba aliuza nafaka au alikuwa na duka. Sentensi fupi inaweza kurefushwa baadaye, lakini wajukuu wa baadaye wataunukuu uongo uliochapishwa. Simulizi kamili liandike katika daftari au faili, pamoja na rekodi za sauti, na nakala zikae kwa mama yako na kwa angalau mmoja wa watoto wa mjomba mwenyewe. Mweleze mjomba kwamba umefanya hivyo.

Kwa kuwa kamati huwa na haraka ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa, waombe wiki mbili zaidi sasa hivi, kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa, ambayo ni sababu ya kweli na isiyomuudhi yeyote. Kisha mpigie mjomba simu leo umuulize Jumamosi gani atakuwa nyumbani.